Tahadhari: Hela za Tabora za mwaka 1916 zilizosuguliwa zinauzwa kama sarafu ambazo hazijawahi kuguswa

Ndugu wakusanyaji wa sarafu, pamoja nanyi mlioachiwa na wazee pesa za Mjerumani ndani ya kasha, ninaandika kutoka Tabora kuwatahadharisha juu ya muuzaji anayetembeza sarafu za zamani kati ya hapa na Kigoma, ambaye mwezi uliopita aliniuzia sarafu tatu za hela 20 kwa jumla ya shilingi 270,000. Jina lake silitaji. Ninachotaka mkifahamu ni namna alivyoziandaa, kwa sababu kesho namna hiyohiyo mnaweza kuletewa na mtu mwingine.

Alinieleza kwamba sarafu hizo zilifukiwa ndani ya mtungi tangu Vita Kuu ya Kwanza, kwamba hakuna mkono uliozigusa, na kwamba ndiyo sababu zinang'aa. Maneno hayo peke yake yalitosha kunizuia, nami sikuzuilika. Shaba ya manjano iliyokaa zaidi ya miaka 100, tena ardhini ambako masika hupita kila mwaka, hugeuka kahawia, hupata madoa ya kijani, na pengine huliwa na kutu yake. Haitoki huko iking'aa kama sinia la harusi.

Kwa asiyezijua sarafu hizi, zilipigwa hapa Tabora, katika karakana ya reli, wakati koloni la Wajerumani lilipokuwa limezingirwa baharini na Waingereza na fedha mpya haziwezi kuletwa kutoka Ulaya. Zipo za hela 5, za hela 20, na ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo aliyesimama mbele ya mlima. Zote zina mwaka 1916 na herufi T ya Tabora. Mnamo Septemba mwaka huohuo jeshi la Wabelgiji liliingia mjini. Neno hela tunalolitumia kila siku sokoni limetokana na heller iliyoandikwa juu ya sarafu za Wajerumani, na kwangu mimi hilo ndilo linalozifanya ziwe za thamani kuliko bei yoyote, na ndilo linaloniumiza ninapoona zimeparuzwa.

Nilipomwuliza kwa nini maandishi yamefifia ilhali sarafu inadaiwa kuwa haijatumika, alijibu kwamba zilitengenezwa vitani kwa haraka, kwa hiyo zilipigwa vibaya. Jibu hilo ni la hatari kwa kuwa nusu yake ni kweli. Hela za Tabora nyingi zilipigwa kwa nguvu isiyotosha, na kuna nyingine ambazo maandishi hayakujaa tangu siku ya kwanza. Lakini kufifia kwa namna hiyo kunatofautiana na kufifia kwa kusuguliwa, na tofauti yake inaonekana ukitumia taa moja tu, kioo cha kukuzia, na subira. Shika sarafu kwa ukingo, uiinamishe chini ya mwanga huku ukiizungusha polepole. Iliyopigwa vibaya lakini haijasuguliwa ina ngozi moja kila mahali, na kama haijachakaa utaona mwanga ukizunguka juu yake kama miali ya gurudumu, kwa sababu madini yalitambaa kutoka katikati kuelekea pembeni wakati nyundo ya mashine ilipoikandamiza. Iliyosuguliwa haina mzunguko huo. Inang'aa pote kwa pamoja, kisha ghafla, ukifika pembe fulani, inatokea mikwaruzo myembamba kama nywele iliyolala upande mmoja, au inayozunguka kwa kufuata mkono wa aliyesugua.

Hapo pia kuna jambo la kuangalia kwa makini, maana wakati mwingine fundi alisugua muhuri wenyewe, yaani kile chuma kinachopiga picha na maandishi juu ya sarafu, kabla ya kupiga sarafu, na mistari ya muhuri ikabaki juu ya sarafu halali. Mistari ya namna hiyo imeinuka, na hukomea pale herufi inapoanzia. Mikwaruzo ya stili waya, msasa au majivu imechimbika, na hupita juu ya uwanja, yaani sehemu tambarare isiyo na picha wala maandishi, na juu ya herufi bila kujali. Zote tatu nilizouziwa zilikuwa na mikwaruzo inayovuka tarakimu za 1916 kutoka ukingo hadi ukingo. Tena, ndani ya mikunjo ya majani yaliyochorwa juu ya sarafu na kwenye vipembe vya herufi, ambako kitambaa hakifiki, uchafu mweusi ulikuwa umebaki, wakati sehemu zilizo wazi zilikuwa safi kabisa.

Sarafu ya tatu ilikuwa na hila nyingine, nayo ndiyo aliyoitoza bei kubwa zaidi. Hela 20 za Tabora zipo za shaba ya manjano na za shaba nyekundu, na hizi nyekundu ni chache zaidi. Hiyo aliniuzia kama nyekundu. Baadaye, nilipoitazama ukingo wake kwa kioo, niliona rangi ya waridi imekaa juu juu tu, na pale ukingo ulipokuwa umegongwa chini yake ni manjano. Ilikuwa imelowekwa katika asidi. Ndimu au betri, sijali ni kipi. Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na asidi huila zinki kwanza, ikiacha juu utando wa shaba unaofanana na wekundu halisi.

Rupia za fedha zenye picha ya Kaisari aliyevaa kofia ya vita nazo hazijasalimika. Fedha huwa nyeusi taratibu kwa salfa iliyomo hewani, kwa hiyo rupia nyeupe pe ina mashaka, na ile iliyopakwa weusi upya kwa kiini cha yai la kuchemsha hutambulika kwa rangi yenye mabaka, isiyoheshimu umbo la picha.

Nilipomrudia aligoma kurudisha fedha, akaniambia kwamba usafi ni huduma aliyoniongezea. Kwa sasa nimesikia yuko upande wa Kigoma na anaahidi watu rupia 15 ya dhahabu. Atakayeonyeshwa asitoe hata shilingi kabla haijapimwa na sonara mbele yake, kwani ya kweli ina uzito wa gramu 7.17 hivi, na hata ikifika uzito huo aitazame kwanza chini ya taa kama nilivyoeleza.

Wenye sarafu nyumbani nawaomba msizisugue kwa chochote kabla ya kuziuza. Muuzaji huyu huwashauri wazee wazioshe kwa majivu, kisha huzinunua kwa bei ya chuma chakavu akisema zimeharibika, na kwa mnunuzi anayefuata huziita mpya.

Hela zangu tatu bado ninazo. Mtu wa Tabora anayetaka kuiona mikwaruzo hiyo kwa macho yake kabla hajanunua za kwake anakaribishwa aje na kioo chake, taa nitamwashia.