Wikipedia ya Kiswahili baada ya mwezi mmoja wa kuitumia

Kwa mwezi mmoja nilijiwekea sharti la kutafuta kila nililotaka kujua katika Wikipedia ya Kiswahili kwanza, kabla ya kukimbilia ile ya Kiingereza. Ninaandika tathmini hii nikiwa nimekerwa na mambo mengi na kuridhishwa na machache, ingawa hayo machache yamekuwa na uzito kuliko nilivyotarajia.

Huduma yenyewe ni ya bure, haina matangazo ya biashara, na kwenye simu ya kawaida kurasa zake hufunguka upesi bila kumaliza bando. Ilianza mwaka 2003, miaka miwili baada ya ile ya Kiingereza, na sasa ina makala zaidi ya 80,000 zilizoandikwa na watu wa kujitolea. Shule isiyo na mtandao wa uhakika inaweza kupakua mkusanyiko mzima mara moja kwa kutumia programu ya Kiwix, kisha wanafunzi wakasoma bila intaneti.

Idadi hiyo isimdanganye mtu, hata hivyo. Usiku mmoja nilibofya kiungo cha "Ukurasa wa bahati" mara ishirini mfululizo, na mara nyingi niliangukia ama kata ya Tanzania ama mtakatifu wa karne za mwanzo. Makala za kata zinafanana kama matofali ya tanuri moja: sentensi ya kwanza hutaja wilaya, mkoa na postikodi, na ya pili husema kwamba sensa iliikuta kata hiyo ikiwa na "wakazi wapatao", kisha inafuata idadi kamili isiyozidi wala kupungua hata mtu mmoja. Mtu mmoja aliliweka neno hilo "wapatao" zamani, wengine wakalinakili, na leo limeenea nchi nzima. Chini ya ukurasa kuna taarifa kwamba makala bado ni mbegu na msomaji anakaribishwa kuikuza. Jina hilo, mbegu, nimelipenda sana, ila mbegu nyingine zimekaa ardhini muda mrefu mno.

Nilikuwa karibu kukata tamaa nilipomtafuta chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda anayefyonza maua ya mgomba nyuma ya nyumba yetu. Nilikuta maelezo ya umbo lake na chakula chake, kisha orodha ndefu ya spishi za Afrika, ikifuatwa na zile za mabara mengine, pamoja na majina ya kisayansi na picha. Nikahamia kwa ndege wengine, kisha kwa wadudu, na hali ikawa ileile. Ni dhahiri kwamba kuna mtu anayewapenda viumbe hawa na aliyekaa nao kwa uvumilivu, kama ilivyo dhahiri kwamba kuna mwingine anayewapenda watakatifu. Ubora wa ukurasa hautegemei ukubwa wa mada bali kama mada hiyo imepata mpenzi wake, ndiyo maana jambo kubwa linaweza kupewa aya mbili huku familia moja ya mende ikipewa ukurasa mzima. Mwaka 2009 Google iliandaa shindano kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania, na makala nyingi ziliongezwa, lakini kwa maoni yangu zawadi haiwezi kuzaa mapenzi ya namna ile.

Penye udhaifu wa kweli ni makala zilizotafsiriwa kwa haraka. Huko ngeli zinapishana na nomino zake, na sentensi haieleweki mpaka uikisie kwanza kwa Kiingereza. Mwalimu asimpe mwanafunzi kurasa hizo bila kuzipitia.

Mwishoni mwa mwezi nilibofya "Hariri" katika ukurasa wa kata niliyozaliwa, ambao ulikuwa na zile sentensi mbili tu. Nilitaka kuandika habari za mnada wa Alhamisi, ambao bibi yangu husema ulianza mwaka uliofuata njaa kubwa, lakini kamusi elezo hii hudai kila dai liwe na chanzo kilichochapishwa, na bibi hajachapishwa popote. Sharti hilo ninalielewa, kwa sababu bila hilo kila mtu angeandika kwamba babu yake ndiye aliyeanzisha mji. Nikaongeza mto na shule ya sekondari, vitu ambavyo niliweza kuvithibitisha kwa maandishi, nikahifadhi. Kesho yake asubuhi nilikuta mtu nisiyemjua amenirekebishia alama ya mkato na kunikaribisha kwa Kiswahili safi. Habari za mnada nimeziandika kwenye daftari, na nimeanza kuulizia kama halmashauri ina kumbukumbu zozote za mwaka ule.