Sensa za upepo wa matairi kwenye semi: uzoefu wangu njia ya Tunduma

Naendesha semi, kichwa cha difu mbili (ekseli mbili za nyuma zinazosukuma) na tela la ekseli tatu, Dar hadi Tunduma na kuvuka Zambia. Matairi 22, na 10 kati yake yamejificha ndani, nyuma ya wenzake wa nje. Hayo ya ndani ndiyo yaliyonifanya ninunue sensa za upepo, zile zinazofungwa kwenye valvu badala ya kifuniko na kutuma namba za upepo na joto kwenye kioo kidogo cha dashibodi.

Tairi la nje ukilipita unaona limelegea. La ndani likiishiwa upepo halilali, mwenzake analibeba. Gari linaonekana zima, kumbe moja linabeba mzigo wa mawili na yote yanachemka. Utingo akigonga kwa chuma atakwambia lipi limeisha kabisa. Hawezi kukwambia lipi limetoka psi 120 (psi ndiyo kipimo cha upepo) likafika 90. Na tairi la 120 likishuka chini ya 96, yaani asilimia 20, lihesabu ni pancha tayari.

Kilichonifurahisha zaidi ni joto. Nikishuka mlima Kitonga na mzigo wa shaba, kioo kilionyesha tairi la ndani la ekseli ya kati linapanda huku jirani zake wametulia. Nilisimama, tukakuta breki ya gurudumu lile imeng'ang'ania. Upepo wake ulikuwa mzuri kabisa, geji isingesema kitu. Ila joto hilo ni la pale kwenye valvu, ndani ya tairi ni kali zaidi, kwa hiyo mimi nalinganisha tairi na jirani yake, basi.

Mchana Mikumi tairi uliloliacha 120 alfajiri linaweza kusoma 135. Msipunguze, ndugu zangu! Likipoa usiku litakuwa chini ya kipimo. Upepo hupimwa tairi likiwa la baridi, kabla ya kuondoka.

Sasa kasoro. Bila kile kiboksi cha kuongeza mawimbi, ekseli ya mwisho ya tela hupotea kwenye kioo. Mpira mdogo ndani ya sensa usipokaa vizuri, sensa yenyewe inavujisha. Paka maji ya sabuni kila ukifunga. Bomba za kurefushia valvu chukua za chuma, za mpira zinachezacheza kwa uzito. Na funga zile nati za kuzuia wizi, maana kwenye maegesho vitu hivi havidumu.

Geji ya mkono bado ninayo, ile ya vichwa viwili inayofika tairi la ndani, na napima nayo kuhakiki namba za kioo. Kwa semi ya safari ndefu, sensa nunua. Kwa Fuso la tairi sita linalozunguka mjini, geji nzuri inatosha, na hela inayobaki iwekeze kwenye matairi yenyewe.