PEPMIS ikitazamwa kutoka masijala

Zamani tathmini ya mtumishi wa umma Tanzania ilikuwa taarifa ya siri: mkuu wako aliandika aliyoyaandika, nawe hukuyaona. Mwaka 2004 ukaja Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, uliozoeleka kwa jina la OPRAS, ambao ulimtaka mtumishi na msimamizi wake wakubaliane malengo mwezi Julai, wakutane tena katikati ya mwaka, kisha wapeane alama za 1 hadi 5 mwezi Juni. Ulikuwa mfumo wa haki, lakini katika ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi fomu nzima ilijazwa kwa siku moja, aghalabu mtu alipokaribia kupanda daraja, malengo na mafanikio yakiandikwa kwa kalamu ileile.

PEPMIS, mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji wa watumishi wa umma ulioanza kutumika katika mwaka wa fedha 2023/24, umeniondolea aibu hiyo. Naingia kwa cheki namba, yaani namba yangu ya utumishi, naweka majukumu niliyopangiwa, naonyesha hatua niliyofikia, na msimamizi anaidhinisha. Kazi inaingizwa kadiri inavyoendelea, wala hakuna haja ya kuikumbuka Juni. Kama chombo cha kutunza kumbukumbu za utendaji, naupendekeza bila kusita.

Swali langu ni kama unamfanya mtumishi aipende kazi yake, na hapo jibu linamtegemea anayeidhinisha. Nitoe mfano. Mzee mmoja mstaafu alikuja masijala mara ya tatu akitafuta nakala ya barua yake ya ajira ya kwanza, ambayo bila hiyo madai yake ya mafao yalikuwa yamekwama. Nilitafuta kwa siku mbili, nikalikuta jalada lake limebanwa ndani ya jalada la mtu mwingine waliyelingana jina la ukoo, katika kabati la chini, pembe zake zimeliwa na mchwa. Katika taarifa yangu likahesabiwa kama jalada moja, sawa na lile nililolitoa rafuni kwa dakika mbili. Namba haina namna ya kueleza tofauti hiyo.

Wiki chache baadaye msimamizi wangu, alipokuwa akipitia kazi zangu kabla ya kuziidhinisha, aliinuka mezani kwake akaja hadi masijala akaniuliza, “Dada, lile jalada la mzee ulilipata wapi?” Katika utumishi wangu wote sikuwahi kuulizwa na mkuu jinsi ninavyoifanya kazi yangu, na nakiri kwamba swali lile lilinipa ari ambayo alama ya juu isingenipa. Wenzangu wa idara nyingine hawana bahati hiyo. Kazi zao za miezi mitatu huidhinishwa kwa mkupuo mmoja, bila neno, nao wameanza kuuita mfumo huu OPRAS ya kompyuta. Nawasikitikia, kwa sababu mfumo wanaoulaumu ndio uleule ulionifaa mimi.

Nilimwonyesha msimamizi lile kabati. Nilikuwa nimekwisha kuandika madokezo sabili (maandishi ya ndani ya ofisi) mawili kuhusu mchwa bila kujibiwa; siku ya tatu baada ya yeye kufika, lilihamishwa.