Miezi 14 na ThinkPad T480 ya okazyon hapa Lubumbashi

"Banakata!" Mtoto wa jirani ndiye huwa wa kwanza kupaza sauti umeme unapokatika. Kisha giza linashika upande wetu wote wa Kampemba, na muda si mrefu jenereta ya kwanza inaanza kunguruma. Nimetengeneza tovuti katika mji huu miaka mingi, na zamani neno hilo lilinishtua kila mara, kwa sababu nilikuwa na kompyuta ya mezani iliyotegemea onduleri ndogo, kile kisanduku chenye betri cha kushikilia umeme. Onduleri ilinipa dakika saba za kuhifadhi faili, kufunga hifadhidata na kuzima. Baada ya hapo ilikuwa ni kukaa na simu mkononi na kumwandikia mteja kwamba kazi itafika kesho.

Mwaka jana nilinunua laptopu ya okazyon, yaani iliyokwisha kutumika, ThinkPad T480, kwa dola 230. Sasa ni miezi 14 naitumia karibu kila siku. Watu wanaoniomba ushauri wa kununua mashine huanza kwa kuuliza kasi ya prosesa. Huku kwetu mimi naanza na swali jingine: umeme ukikatika saa moja jioni na kazi inangojewa saa nne usiku, mashine hiyo itakufikisha?

T480 ilitoka mwaka 2018. Prosesa yake ni Intel ya kizazi cha nane yenye kokwa nne, na inatosha kabisa kwa kazi yangu: kihariri cha msimbo, seva ya majaribio, hifadhidata na kivinjari chenye kurasa kumi na kitu. Lakini iliyonifanya niitafute hii na siyo nyingine ni betri. Inazo mbili. Moja imejificha ndani, ya wati-saa 24 (wati-saa ni kipimo cha umeme unaokaa ndani ya betri). Ya pili inakaa nyuma na inachomolewa, nayo inapatikana katika saizi tatu: wati-saa 24, 48 au 72. Mashine inakula kwanza ile ya nyuma na kuiacha ya ndani kama akiba. Ya nyuma ikiisha, unaichomoa huku laptopu inawaka, unachomeka nyingine iliyojaa na kuendelea na mstari uleule uliokuwa unaandika. Angalieni sana jina lakini, maana ipo pia T480s, na hiyo herufi moja inabadilisha kila kitu: ni nyembamba na nyepesi, ila haina betri ya nyuma ya kuchomoa.

Niliinunua katika duka moja mjini. Muuzaji aliniambia, "Mukubwa, betri iko muzuri, inafanya masaa tano bila shida." Nilikuwa na flashi yenye Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, mfukoni, nikamwomba ruhusa ya kuwasha mashine kutoka kwenye flashi hiyo bila kugusa diski yake. Akakubali. Nikafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, na kuandika amri ya upower, ile inayosoma habari za betri kutoka kwenye betri yenyewe. Mistari miwili ndiyo ya kutazama: energy-full-design ni ujazo wa siku ilipotoka kiwandani, na energy-full ni ujazo wa leo. Ya ndani ilikuwa 17.6 kati ya 24, umri wa kawaida. Ya nyuma ilikuwa 11.3 kati ya 48. Nilimwonyesha kioo, tukasoma pamoja, na bei ikashuka kutoka dola 260 hadi 230. Hakukasirika, alisema ni mara ya kwanza kuona mteja anaiuliza mashine badala ya kumwuliza yeye.

Kibodi ilinipa kazi wiki mbili. Mashine nyingi za okazyon zinazofika hapa zimetumika Ulaya, na yangu ilitoka upande wa Ujerumani, kwa hiyo Z imekaa mahali pa Y, na hakuna AZERTY ya Kifaransa tuliyofundishwa nayo shuleni. Nilifikiri nitaibandika stika. Sikubandika. Kwenye AZERTY ya Kifaransa kila tarakimu inataka Shift, na mabano ya mawimbi yamegawanyika, moja kwenye kitufe cha 4 na jingine mbali huko mwisho wa safu. Kwenye hii ya Kijerumani mabano yote ya msimbo yamekaa pamoja kwenye 7, 8, 9 na 0 ukishika AltGr, na tarakimu zinatoka bila Shift. Kwa mtu anayeandika CSS na JavaScript mchana kutwa, vidole vinaona tofauti.

Sasa niseme kilichonipotezea pesa. Kwa kuwa betri ya nyuma ilikuwa imekwisha, nilitafuta mpya ya wati-saa 72. Muuzaji mwingine, si yule wa kwanza, alinipa moja ndani ya karatasi yake ya plastiki: "Iyi ni orijine, papa." Nikaipima kwa upower: 71 kati ya 72. Nikalipa nikiwa na furaha. Usiku ule nikafanya kazi vizuri hadi asilimia 46, na hapo hapo ikaanguka hadi sifuri bila kupita katikati. Betri ya ndani ndiyo iliyodaka mashine, la sivyo ningepoteza kila nilichokuwa sijahifadhi. Nikajaza tena, nikarudia, ikaanguka kwenye 44. Ndipo nikaelewa kwamba namba inayosomwa na upower inatoka kwenye kijisakiti kilicho ndani ya betri, na mtengenezaji wa bandia anaweza kukiandikia chochote. Betri ya okazyon iliyochoka inasema ukweli kuhusu uchovu wake. Bandia mpya inadanganya. Kipimo kinachobaki ni kuitumia mpaka iishe huku ukitazama saa. Nilirudi kwa yule muuzaji mara tatu na mwisho akanirudishia nusu ya pesa. Baadaye nilinunua betri mbili za wati-saa 48 zilizotolewa kwenye mashine zilizokufa kioo, moja ina 37 na nyingine 33, na hizo ndizo ninazotembea nazo hadi leo.

Usiku ambao mashine hii ilijilipa yenyewe ulikuwa wa mwezi wa kwanza, mvua inapiga mabati. Mteja wangu, mama mmoja mwenye duka la dawa, alikuwa na tovuti niliyomtengenezea ya kuagiza dawa kutoka kwa msambazaji wa Kinshasa. Tangu asubuhi maagizo yake yalikuwa yanakataliwa, na alihitaji agizo moja liingie kabla ya saa nne usiku ili lipande ndege ya kesho yake. Nilitafuta kosa tangu mchana. Saa moja kasoro umeme ukakatika, na muda mfupi baadaye nikaliona kosa.

Lilikuwa la saa. Lubumbashi iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja, kila Mkongomani anajua, na mimi niliyezaliwa hapa nililisahau jambo hilo ndani ya msimbo. Nilikuwa nimehifadhi saa ya ukutani ya hapa kwetu bila kusema ni ya wapi. Upande wa Kinshasa ulikuwa umesasisha mfumo wao, nao mfumo mpya ukaona maagizo yanayotoka saa ambayo haijafika, ukayatupa. Dawa yake ni kuhifadhi kila kitu kwa UTC, saa moja ya pamoja ya dunia nzima, kisha kuonyesha kwa kila mtu kwa ukanda wake: Africa/Lubumbashi kwa mama, Africa/Kinshasa kwa msambazaji. Majina hayo mawili yamo kwenye orodha ya kanda za saa inayotumiwa na kompyuta za dunia nzima. Siku niliyoweka Mint na kuona jina la mji wetu limeandikwa pale, kwenye ramani, niliguswa kweli.

Kurekebisha kulitaka kugusa faili tisa na kubadili rekodi za zamani ndani ya hifadhidata. Nikiwa kwenye faili ya sita, betri ya nyuma ilifika asilimia 3. Nikainamisha laptopu kwa ubavu, taa ya simu nimeibana kwa meno. Chini kuna vitasa viwili. Cha kwanza unakisukuma na kinabaki kilipo. Cha pili kina springi, lazima ukishikilie kwa kidole gumba huku mkono mwingine unavuta. Betri ikatoka. Kioo kikaendelea kuwaka, kishale kikaendelea kupepesa mahali palepale katikati ya mstari. Nikachomeka nyingine, ikalia "ka!", na asilimia zikapanda. Jambo lote halikuzidi nusu dakika. Saa tatu na robo nilikuwa nimemaliza, nikawasha mtandao wa simu na kutuma kwa git. Git inaweka historia yote ya kazi ndani ya mashine yako na kutuma mabadiliko tu, kwa hiyo hata mtandao ukiwa mwembamba kama ulivyokuwa usiku ule, kilobaiti chache zinapita. Saa tatu na nusu mama akanipigia: "Mwanangu, inapita! Inapita!"

Kuna mambo madogo niliyojifunza ya kuirefushia siku. Nikiandika msimbo tu na kioo kikiwa na mwanga wa wastani, inakula kati ya wati 7 na 8. Nikiwasha seva tatu za majaribio inafika 12. Ukiunganisha simu kwa kebo ili kupata intaneti, laptopu inaanza pia kuichaji simu hiyo, na wati zinaondoka bila wewe kujua, kwa hiyo mimi hujaza simu mapema na kutumia mtandao wake kwa hewa. Niliweka pia programu ya bure iitwayo TLP, ambayo kwenye ThinkPad inaweza kuambiwa isijaze betri kupita asilimia 80. Betri za lithiamu huchoka upesi zikikaa zimejaa pomoni kwenye joto. Ninapohisi jioni itakuwa mbaya naondoa kizuizi hicho na kujaza zote.

Na chaja yake ni ya USB-C, jambo ambalo sikulithamini siku ya kununua. Umeme wetu huku Katanga una safari ndefu: mitambo ya Nseke na Nzilo kwenye mto Lualaba, pamoja na laini ya karibu kilomita 1,700 inayotoka Inga hadi Kolwezi, na migodi nayo inaungojea umeme huohuo. Kwa hiyo nyumba nyingi zimeweka paneli ya jua na betri ya volti 12, yangu mojawapo. Zamani nilipitisha umeme huo kwenye inveta ili uwe wa volti 220, kisha chaja ikaushusha tena hadi volti 20, na njiani sehemu yake ikapotea kuwa joto tu. Sasa nina chaja ya gari ya USB-C ya wati 65 iliyofungwa moja kwa moja kwenye betri ya jua. Inveta imebaki kwa ajili ya televisheni.

Kwa haki niseme na upande wa pili. Ukiibebea betri mbili za ziada, begi linakuwa zito, na betri kubwa inachomoza chini na kuinua mgongo wa laptopu. Mimi napenda mwinamo huo, mke wangu haupendi. Kioo changu kimechoka kwa umri, sikiwezi kwenye jua la uwanjani. Ukitaka kuongeza RAM, nafasi zipo mbili na kazi ni rahisi, lakini kumbuka betri ya ndani haichomoleki kwa mkono: kabla ya kufungua, ingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi inayofunguliwa mashine inapowaka, uizime kwanza kutoka humo. Mimi niliongeza GB 8 juu ya zile 8 ilizokuja nazo. Kama kazi yako ni kuhariri video, hii siyo mashine yako.

Wiki iliyopita nilimsindikiza mdogo wangu, anayesoma UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), kutafuta ya kwake. Tulipita maduka manne na flashi yetu. La tatu walikataa tusiwashe, tukaondoka. La nne alichomeka flashi mwenyewe, akaandika amri mwenyewe mbele ya muuzaji, akasoma kwa sauti: "Thelathini na tisa nukta nane kati ya arobaini na nane." Akaniangalia. Kibodi ilikuwa ya Kijerumani pia.