Tahadhari: anauza Zorki kwa jina la Leica II, nami ni mmoja wa aliowatapeli

Ninaandika haya nikiwa na hasira ambayo wiki tatu hazijaipunguza, na nina aibu kubwa kuliko hasira yenyewe, kwa sababu wengi wenu huwa mnanitumia picha za kamera kabla ya kununua ili niwaambie kama ni halali au la. Kuna mtu anayeuza kamera anayodai kuwa ni Leica II ya mwaka 1932, nyeusi, yenye sehemu za nikeli, pamoja na lenzi ya Leica iitwayo Elmar, ya milimita 50. Kamera hiyo si Leica bali ni Zorki, kamera ya Kisovieti iliyotokana na nakala ya Leica, na lenzi hiyo si Elmar. Nimeilipia, iko mezani kwangu ninapoandika, na fedha zangu sijarudishiwa.

Sababu ya mimi kuitafuta kamera hiyo hasa mnaijua, na habari za ile niliyolazimika kuiuza sitaki kuzirudia. Itoshe kusema kwamba nilikuwa nimeingoja kwa muda mrefu, na bei aliyoitaja haikuwa ya chini kiasi cha kunishtua. Ilikuwa pungufu kidogo tu ya ile ambayo mtu mwenye haraka ya kuuza angeitaja.

Sikumwamini kwa sababu ya bei. Nilimwamini kwa sababu aliijua kamera. Katika ujumbe wake wa kwanza alieleza, bila kuulizwa, kwamba Leica II ndiyo iliyokuwa ya kwanza katika ukoo wake kuwa na kipima umbali, kifaa cha kulengea picha iwe kali, ndani ya bodi, kikiwa kimeunganishwa na lenzi. Nikaamua kumtega. Nilimwuliza shata, yaani pazia linalofunguka kupitisha mwanga, inalia vipi kwenye kasi ya sekunde moja, nikijua kabisa kwamba kamera hiyo haina kasi hiyo, naye akanijibu kwa upole kwamba kasi yake ya chini ni 1/20, ukiacha ile ya kushikilia kitufe, na kwamba kasi za polepole zilikuja na Leica III mwaka 1933. Aliongeza kuwa kamera ilikuwa ya marehemu baba yake, na kwamba yeye mwenyewe hapigi picha za filamu. Watu wawili wengine wakajitokeza kumsifu kwamba wamewahi kununua lenzi kwake na zikafika salama. Leo ninaamini watu hao wawili ni yeye mwenyewe, lakini siku ile sifa zao zilinitosha.

Nilimwomba tuzungumze kwa simu ya video, akakubali siku hiyo hiyo. Alikuwa ameiweka kamera juu ya kitambaa cheupe karibu na dirisha, akaishika kwa ncha za vidole, kama tunavyoshika sisi tunaozipenda. Nilimwomba asogeze simu kwenye tundu la kipima umbali, akaisogeza taratibu mpaka nikaona taswira mbili za ukingo wa kabati, moja ikiwa imepauka kidogo. Akazungusha lenzi, na taswira zile zikasogeleana hadi zikawa moja, bila ya moja kukaa juu kuliko nyenzake. Moyo wangu ulitulia pale pale. Nilimwomba apige shata kwa kila kasi, kuanzia 1/500 akishuka, nikaisikia ile sauti laini ya pazia la kitambaa ambayo haifanani na mlio wa kamera zenye kioo. Akauvuta mrija wa lenzi, akauzungusha ukafunga, akaurudisha ndani. Nilimwomba asome namba ya utambulisho iliyo kwenye bamba la juu, akaisoma. Nikaitafuta kwenye orodha za namba zilizochapishwa, nikaikuta mahali pake, mwaka 1932.

Nimelirudia tukio hili kichwani usiku mwingi, na jambo linaloniuma ni hili: kila nilichomwomba anionyeshe, Zorki iliyotunzwa vizuri inakifanya vile vile. Nilikuwa ninapima afya ya kamera wakati nilipaswa kupima utambulisho wake. Namba nayo haithibitishi kitu, maana orodha niliyoitazama mimi ndiyo anayoitazama mtu anayechonga namba za uongo.

Kisha nikamwomba aitoe lenzi. Nilitaka kuliona pazia la shata kutoka mbele, kwa kuwa kamera hizi hazina kioo cha kulikinga na jua linalopita kwenye lenzi iliyoachwa wazi huweza kulitoboa. Alishika pete ya lenzi, akajaribu kuizungusha, akasita. Akaniambia kwa sauti ya huzuni kwamba grisi ya zamani imekauka kwenye nyuzi za skrubu, na kwamba baba yake alikuwa akisema lenzi ikikataa kutoka usishindane nayo, mpelekee fundi. Maneno hayo ni yangu. Nimeyaandika mara nyingi kuwaonya wanaoanza, karibu neno kwa neno, na ninaamini aliyasoma kabla ya kuyatumia dhidi yangu. Mimi ndiye niliyemwambia aache, asiilazimishe, kwamba nitaipeleka kwa fundi wangu. Alinishukuru kwa uangalifu wangu. Nilifurahia shukrani hiyo, na kabla ya jioni nilikuwa nimelipa kwa njia ya kutumiana fedha kati ya marafiki, ambayo haina namna ya kudai marejesho, kwa kuwa aliniomba tuepuke makato nami nikaona ni ombi la haki.

Kifurushi kilifika kikiwa kimefungwa vizuri sana. Lenzi ilitoka kwa vidole viwili. Haikuwa na grisi iliyokauka wala upinzani wowote. Ilizunguka kama kifuniko cha chupa mpya, na kabla sijaitazama ndani nilikwisha kujua.

Kwa wale ambao hawajawahi kulitazama jambo hili kwa macho yao: ndani ya shimo la lenzi, upande wa juu, kuna mkono mdogo unaoguswa na nyuma ya lenzi na kupeleka mwendo wake kwenye kipima umbali. Katika Leica za lenzi za skrubu, ncha ya mkono huo ina gurudumu dogo la mviringo linalozunguka. Katika FED na Zorki, kamera za Kisovieti zilizofuata muundo wa Leica, kwa kawaida ncha hiyo ni kipande kigumu cha chuma kilichochongwa kama kabari. Yangu ni kabari. Nilipoliinamisha bamba la juu kwenye mwanga wa taa ya pembeni, niliona bonde hafifu chini ya jina la Leica, mahali ambapo maandishi ya kwanza yalisagwa kabla ya mapya kuchongwa. Fundi wangu aliifungua siku iliyofuata, akathibitisha bila kusitasita.

Sina ugomvi na Zorki. Ilianza kutengenezwa Krasnogorsk mwaka 1948 ikitokana na FED, ambayo nayo ilikuwa nakala ya Leica II iliyoanza kutoka Kharkiv mwaka 1934, na nimepiga picha nzuri kwa kamera hizo zote mbili. Ninazipenda kwa majina yao. Aliyeisaga Zorki hii ili kuivika jina lisilo lake ameharibu kamera halali, na hilo peke yake linanikera karibu sawa na fedha zangu.

Nilipomwandikia, kwanza alisema hata yeye alirithi hivyo. Nikamtumia picha ya kabari. Akaniambia nimebadilisha kamera ili nimdhulumu. Nikamkumbusha kwamba namba ni ile ile aliyonisomea kwenye simu ya video, na baada ya hapo hakujibu tena. Sasa ujumbe wangu haumfikii. Siku kumi baadaye mwenzetu mmoja aliniletea tangazo jipya lenye jina jingine, kitambaa kile kile cheupe, dirisha lile lile, Leica II nyingine na marehemu baba yule yule.

Mtu huyu si muuzaji aliyekosea. Amejifunza lugha yetu na mapenzi yetu ili atuibie kwa hayo hayo. Ninataka arudishe fedha zangu na za kila aliyemtapeli, ninataka afikishwe polisi, na taarifa yangu nimekwisha kuiandikisha pamoja na mazungumzo yote na uthibitisho wa malipo. Ninataka kila mahali panapouzwa kamera afungiwe kwa majina yote anayotumia. Na ikiwa kuna fundi anayemchongea mabamba haya, basi naye ni mwizi sawa na yeye, na asistahili kukabidhiwa hata kofia ya lenzi ya mtu.

Mtaniuliza kama hakukuwa na dalili. Zilikuwepo. Hakuna picha hata moja iliyoonyesha kamera bila lenzi. Aliharakisha malipo. Na kwenye picha ya tatu ya tangazo, ambayo niliikuza mara nyingi nikitafuta mikwaruzo, pete yenye namba za ukubwa wa tundu la kupitishia mwanga kwenye lenzi inasomeka 5.6, 8, 11, ilhali Elmar ya mwaka huo ilipaswa kusomeka 6.3, 9, 12.5. Nilizitazama namba hizo kwa macho yangu na sikuzisoma. Kamera ghushi zilizopakwa dhahabu, au zenye alama za jeshi la Ujerumani, sote tunazicheka na kuzipita. Hii ilikuwa kavu, nyeusi, iliyochakaa mahali panapostahili, na ndiyo maana ilinipita.

Jina analotumia sasa nitampa kila atakayeniuliza faraghani, pamoja na picha za matangazo yote mawili. Aliyenunua kwake kamera yoyote ya lenzi za skrubu katika miezi ya karibuni, hata kama anaipenda na inampigia picha vizuri, aifungue lenzi leo, atazame ncha ya mkono ule, na anitumie picha yake. Nikiwa na walalamikaji zaidi ya mmoja, polisi hawataweza kuniambia tena kwamba hili ni suala la watu wawili waliokosana katika biashara.