Gari-nyumba, mbwa wangu na jenereta isiyo na oili

Gari lenyewe sina ugomvi nalo. Mimi na mume wangu tulilikodi Sacramento, California, likapanda milima bila kusumbua, vitanda vizuri, jiko linawaka mara moja. Kama ningeandika tulipokuwa tunatoka Yosemite, hapa mngesoma sifa tupu. Naandika baada ya Calistoga, mji mdogo wa Bonde la Napa, na hasira bado sijaimeza.

Yosemite niiseme kwa haki yake. Ndugu wengi mnaoishi huku Marekani huniuliza kama mbwa anaingia kwenye hifadhi za taifa. Anaingia, ila kwa masharti. Ruhusa ni kambini, barabara za lami na njia za baiskeli, kamba yake isizidi mita 1.8, na ni marufuku kumwacha peke yake. Njia za kupanda mlimani asahau. Ukitaka akanyage udongo, nenda Wawona, kuna njia inayozunguka uwanda wa majani ambapo mbwa wanaruhusiwa. Bosi, ndiye mbwa wetu, alinusa kila msonobari uliokuwa karibu, mimi nikawa namfuata tu, na nilifurahi kuliko nilivyofurahi muda mrefu. Usiku kulikuwa na baridi, kiyoyozi hatukukigusa, kwa hiyo na jenereta hatukuwa na haja nayo. Ndiyo maana ubovu hatukuugundua mapema.

Tukateremka mpaka Bonde la Napa. Barabara nambari 29 ina foleni, tukashika Silverado Trail, mizabibu kulia na kushoto, zabibu ndiyo zinaanza kubadilika rangi. Mwenye mbwa awe macho huko: zabibu ni sumu kwa mbwa, zinaweza kumuua figo, na zilizoanguka chini ndizo anazozifikia kwanza. Tulikuwa tumepata ruhusa ya kulala kwenye uwanja wa shamba moja dogo karibu na Calistoga. Hapakuwa na umeme wa kuchomeka, lakini hilo tulilijua, na tuliambiwa jenereta tuwashe mchana bila shida. Mume wangu alikuwa na hamu kubwa ya kwenda Chateau Montelena, watengeneza mvinyo ambao Chardonnay yao, mvinyo mweupe, iliwashinda Wafaransa kule Paris mwaka 1976. Mpango ulikuwa yeye aende kuonja, mimi nibaki na Bosi kwenye ubaridi.

Jenereta ikawaka, kiyoyozi kikaanza kupuliza, haukupita muda ikazima. Tukawasha tena, ikazima. Nje joto lilikuwa limepita nyuzi 35, na lile gari likikaa juani bila kiyoyozi halikaliki. Betri zake ni za taa na pampu ya maji, kiyoyozi cha darini haziwezi kukivuta.

Nikapiga simu ya msaada ya kampuni. Kijana aliyepokea akasema petroli iko chini ya robo. Ni kweli jenereta za magari haya hunyonya kwenye tangi la gari lenyewe, na kwa mengi petroli ikishuka karibu na robo jenereta hukata ili usikwame njiani. Nikamwambia mshale uko juu ya nusu. Akarudia robo. Nikaupiga picha huo mshale nikamtumia. Akarudia robo! Kisha akatukataza tusiwashe hata injini mpaka fundi wao afike, tukiwasha gharama zote zetu. Maana yake hata kile kiyoyozi cha mbele tumenyimwa.

Bosi ni boksa. Mbwa wa pua fupi joto linawashinda haraka, kwa sababu mbwa hujipoza kwa kuhema, na pua ile haipitishi hewa ya kutosha. Alikuwa amelala sakafuni, ulimi nje mpaka mwisho, mate yanavutika, mbavu zinapanda na kushuka kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwake. Nikamweleza yule kijana hivyo hivyo, sauti yangu inatetemeka. Akanijibu: "Mama, huyo ni mbwa. Mfungulie mlango atoke."

Hilo jibu sijalisahau. Niliwalipa ada ya mbwa, wakaipokea, wakanipa na karatasi yenye picha ya mbwa anacheka dirishani. Leo mbwa anahema wananiambia huyo ni mbwa.

Tulimlaza chini ya mti, tukamwekea taulo la maji tumboni na kwenye nyayo, tukawa tunabadilisha. Fundi hakuja. Aliyekuja ni mzee mmoja aliyeegesha jirani yetu, alikuja kwa ajili ya Bosi, na bakuli la maji mkononi. Akasikiliza jenereta ikiwaka na kuzima, akafungua kifuniko, akachomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Kavu. Nchani kulikuwa na tope jeusi zito, basi. Kumbe jenereta hizi zina kinga, oili ikipungua zinajizima zisiungue. Pembeni pana stika ya kuandika tarehe ya kubadilisha oili, haijaandikwa chochote. Mzee akaleta oili yake mwenyewe, akaimimina taratibu huku anapima, ikawaka na haikuzima tena. Pesa alikataa. Chateau Montelena hatukufika, na mume wangu wala hakuitaja tena.

Mpaka hapo nilikuwa tayari kusema: kijana mmoja hana adabu, kampuni si mbaya. Niliporudisha gari ndipo nikabadili. Wamenikata pesa ya kusafisha manyoya, juu ya ada ya mbwa niliyokwisha kulipa, na wamenikata nyingine kwa "kufungua jenereta bila idhini". Wale wale walioikodisha kavu! Dada wa kaunta hata macho hakuinua, akanisukumia karatasi nisaini. Sikusaini. Nimepeleka malalamiko benki kupinga makato hayo, pamoja na picha ya mshale na ya ile stika.

Mkikodi, popote pale, mwambieni anayewakodisha achomoe dipstiki ya jenereta mbele yenu kabla hamjaweka sahihi, na kiyoyozi kiwashwe kwa jenereta hapo hapo uwanjani mwao, nusu saa nzima. Safari yenyewe nitairudia, hata mwaka huu Mungu akipenda, na Bosi atakuwemo. Kwa hao, hapana, hata wakinirudishia kila senti.