Upasuaji wa tezi dume bila roboti: tathmini ya mkazi wa Tabora

Tathmini hii inahusu upasuaji wa tezi dume kwa kupitia njia ya mkojo, aliofanyiwa baba yangu mkubwa, mkazi wa Isevya, katika hospitali ya umma iliyo nje ya mkoa wetu. Ninaiandika kwa sababu siku hizi mazungumzo ya maradhi ya mkojo hapa Tabora hayakawii kufika kwenye roboti ya upasuaji, yaani mashine yenye mikono inayoongozwa na daktari: wapo waliotibiwa India wakarudi na sifa zake, na wapo wanaoamini kwamba Serikali ikinunua mashine moja tu, taabu ya wazee wetu itakuwa imekwisha.

Huduma yenyewe ilikuwa nzuri. Daktari bingwa, kijana wa kumzaa, alimwamkia mzee shikamoo kabla ya kufungua faili, kisha akamweleza taratibu kwamba tezi imekua lakini si saratani, kwamba hatapasuliwa tumbo, na kwamba atachomwa sindano ya mgongo huku akiwa macho. Kifaa chembamba chenye kamera kilipitishwa kwenye njia ya mkojo, na waya wa umeme ukakata nyama iliyoziba, kipande baada ya kipande. Wodini, mpira wenye njia tatu uliingiza maji kibofuni na kuyatoa, na muuguzi wa zamu kila mara aliinua mfuko kuelekea dirishani atazame rangi: ukiwa mwekundu aliongeza kasi ya maji, ukiwa wa waridi aliipunguza. Mpira ulipotolewa, mzee aliyekuwa akificha mfuko wa mkojo ndani ya kanzu kwa miezi mingi alikojoa mwenyewe, na wodi nzima ikapata habari.

Kasoro ilikuwa stoo. Upasuaji uliahirishwa mara ya kwanza kwa kukosekana waya wa kukatia, na baadaye maji ya kusafishia kibofu yalipoisha, sisi ndugu tulitumwa kuyatafuta kwenye maduka ya dawa ya nje, kwa fedha taslimu, ingawa mzee ana kadi ya bima. Jambo hili lina upande wa kitaalamu ambao wenye bajeti wangefaa kuuzingatia. Vifaa vya zamani hufanya kazi kwa maji maalumu kama ya glisini, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme. Na maji hayo maalumu yakinyonywa kwa wingi mwilini hushusha kiwango cha chumvi katika damu, hata mgonjwa akachanganyikiwa. Vifaa vipya zaidi, viitwavyo vya baipola, hutumia dripu ya kawaida ya chumvi, ambayo kila hospitali inaijua.

Sasa roboti. Roboti iitwayo da Vinci, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2000, huuzwa kwa zaidi ya dola milioni moja. Matengenezo yake hulipiwa kila mwaka, na vifaa vya mikono yake vina idadi maalumu ya matumizi, kisha hutupwa. Kazi yake kubwa katika tiba ya mkojo ni kuondoa tezi yote yenye saratani, si kuzibua tezi iliyokua tu kama ya mzee wangu. Hata huko, jaribio la Brisbane, Australia, lililotolewa mwaka 2016, lilionyesha kwamba wiki 12 baada ya upasuaji, wagonjwa wa roboti na wa upasuaji wa kufungua hawakutofautiana kwa kiasi cha maana katika udhibiti wa mkojo wala nguvu za kiume, ingawa wa roboti walipoteza damu pungufu. Uingereza nayo, kupitia NICE, taasisi yake inayotoa miongozo ya tiba, ilielekeza mwaka 2014 kwamba roboti ina thamani ya fedha pale tu kituo kinapofanya angalau upasuaji wa aina hiyo 150 kwa mwaka. Nchini mwetu, ambako wagonjwa wengi hufika saratani ikiwa imekwisha kuenea, sijui nani angeijaza ratiba hiyo.

Sipingi mashine; hospitali moja ya taifa inaweza kuihitaji kwa mafunzo. Lakini fedha ya umma ikielekezwa kwanza kwenye kamera, waya na dripu katika hospitali za rufaa za mikoa, pamoja na kusomesha mabingwa watakaokubali kukaa huku, mzee wa Sikonge au Urambo hatalazimika kupanda basi na mfuko wa mkojo mapajani. Kwa mikono ya madaktari na wauguzi natoa alama zote. Kwa stoo, nusu. Anayepewa rufaa leo abebe majibu ya PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) na ultrasaundi, na aulize kabla ya kulazwa kama waya na maji vipo.